Maji ya bara ya Kilifi: Tuyahesabu kabla ya kuyagawa

MAJI ni uhai. Kauli hii, mpenzi msomaji, umeisikia tangu ulipokuwa darasa la kwanza, na pengine imekwisha kukuchosha. Lakini hebu jiulize: maji uliyoyakinga mferejini asubuhi ya leo yametoka wapi?

Ikiwa unaishi Malindi, Watamu, Kilifi mjini au katika baadhi ya mitaa ya Mombasa, huenda yametoka Baricho, kando ya mto Sabaki, mbali na bahari. Hapo kuna visima virefu vilivyochimbwa katika mchanga wa mto. Mchanga huo huyachuja maji, pampu za umeme huyavuta, na mabomba makubwa huyasafirisha hadi mijini. Umeme ukikatika Baricho, mifereji ya Malindi hukauka.

Sasa yafuate mabomba hayo kinyumenyume, uyape mgongo mawimbi na hoteli, uelekee bara. Utakutana na wanawake na wasichana wanaotembea saa nyingi wakitafuta mtungi mmoja wa lita 20. Baadhi yao huteka mtoni, wakiwaangalia mamba kwa jicho moja na ndoo kwa jicho la pili. Hicho ndicho kinaya cha bara ya Kilifi na Malindi: mto unapita, bomba linapita, na kiu inabaki palepale.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo haibagui aliye Watamu na aliye Bamba. Tatizo ni kwamba haki haijazi mtungi. Kinachojaza mtungi ni mpango, na mpango wa maji huanza na hesabu.

Mvua ipo, lakini yaenda wapi?

Kaunti ya Kilifi ina eneo la zaidi ya kilomita mraba 12,000 na, kwa mujibu wa sensa ya 2019, watu 1,453,787. Ukanda wa pwani hupata mvua ya kuridhisha, hata kufikia milimita 1,300 kwa mwaka mahali pengine. Lakini kadiri unavyokwenda bara, kupita Ganze hadi Bamba, au kupita Magarini kuelekea Galana, mvua hupungua hadi kiasi cha milimita 300 katika sehemu kavu zaidi. Wazee waliiita sehemu hiyo Nyika, na hawakukosea.

Hata hivyo, milimita 300 si sifuri. Mwanafunzi anayesoma makala haya achukue kalamu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Kwa hivyo shamba la hekta moja likipata milimita 300 tu, limepokea lita milioni tatu kwa mwaka mmoja. Hiyo ni mitungi 150,000 ya lita 20.

Basi mbona watu wana kiu? Kwa sababu mvua hiyo haiji kila siku. Hushuka kwa siku chache katika masika ya Aprili hadi Juni, na tena katika vuli ya Oktoba hadi Desemba. Hushuka kwa nguvu juu ya ardhi iliyokauka na kukosa nyasi, ikabeba udongo, ikajaza makorongo, na kabla ya siku ya tatu imekwisha kwenda zake. Aidha kuna miaka ambayo haiji kabisa. Kati ya Oktoba 2020 na Desemba 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika Pembe ya Afrika, na bara ya Kilifi ni miongoni mwa sehemu zilizoumia. Mwisho wa 2023, watu walewale waliokuwa wakilia ukame walikumbwa na mafuriko ya El Niño. Mwaka mmoja kiu, mwaka wa pili gharika.

Kwa hivyo ukame wa bara ni tatizo la kuweka akiba. Maji huja mengi kwa siku chache, na mahitaji ni machache kwa siku nyingi.

Jina la mahali lilikuwa limesema

"Si wachimbe visima?" huenda ukauliza. Ni swali la haki. Lakini panda gari la kwenda Nairobi, na baada ya kupita Mariakani utafika mahali paitwapo Maji ya Chumvi. Waliopapa jina walikuwa wamekwisha kuonja. Wataalamu wa miamba nao wamelichukua jina hilohilo, wakaita kwalo tabaka la mawe lililotandaa chini ya ardhi katika sehemu za bara ya pwani yetu. Katika miamba ya namna hiyo, kisima chaweza kuchimbwa kwa gharama kubwa, maji yakapatikana, na hata mbuzi akayasusia.

Somo hili limewahi kulipiwa kwa fedha nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, serikali za Kenya na Australia zilianzisha mradi mkubwa wa makao huko Magarini, kaskazini mwa Malindi. Maelfu ya familia zilikusudiwa kupewa mashamba na kufundishwa kilimo cha nchi kavu. Matingatinga yaliingia, vichaka vikafyekwa, barabara zikapasuliwa. Maji yalitarajiwa kupatikana chini ya ardhi. Wachimbaji walipoyatafuta, matarajio hayo hayakutimia: kilichopatikana kwa sehemu kubwa kilikuwa ni maji ya chumvi.

Mwisho wa miaka ya 1980 Australia ilijiondoa. Mwaka 1991 watafiti Doug Porter, Bryant Allen na Gaye Thompson walichapisha kitabu kizima kuhusu mradi huo, wakaonyesha jinsi nia njema inavyoweza kukosa njia. Mashamba yalipimwa kwanza, maji yakatafutwa baadaye. Hilo, msomaji, ndilo kosa ambalo bara yetu haiwezi kumudu kulirudia.

Ekari milioni moja

Je, tulijifunza? Mwaka 2014 serikali ilizindua mradi wa kilimo cha unyunyizaji wa Galana-Kulalu, katika ardhi iliyo kati ya kaunti za Kilifi na Tana River. Shamba la mfano lilikuwa la ekari 10,000, na shabaha iliyotangazwa ilikuwa ekari milioni moja. Mkandarasi kutoka Israel aliondoka kazi ikiwa haijakamilika, na kwa miaka mingi mradi umekuwa ukisuasua na kufufuliwa.

Tuache siasa, tufanye hesabu. Mahindi ya msimu mmoja katika nchi yenye joto huhitaji maji ya kimo cha takriban milimita 500. Kwa ekari moja, hayo ni kiasi cha mita za ujazo 2,000, yaani lita milioni mbili. Ukizidisha kwa ekari milioni moja, unapata mita za ujazo bilioni mbili kwa msimu mmoja tu.

Linganisha na bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza 2018 huko juu, mpakani mwa Makueni na Kitui, kwenye mto huuhuu ambao kule huitwa Athi. Bwawa hilo, ambalo ni miongoni mwa makubwa nchini, lilipangwa kushika mita za ujazo milioni 688. Kwa hivyo mahindi ya ekari milioni moja yangekunywa karibu Thwake tatu zilizojaa pomoni, kila msimu. Mwanafunzi wa darasa la nane angeliweza kuifanya hesabu hii kabla ya utepe kukatwa.

Hii haina maana kwamba Galana haiwezi kulimwa. Ekari elfu kadhaa, kwa mazao yaliyochaguliwa vizuri na maji yanayodondoshwa kwenye shina badala ya kumwagwa shambani, ni jambo lingine. Lakini kiasi cha shamba lazima kifuate kiasi cha maji. Mto haujui hotuba.

Mto mmoja, majina matatu, wenyewe wengi

Mto wetu ni wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Huanza nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi. Ukiungana na mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari huwa Sabaki. Humwagika baharini kaskazini kidogo mwa Malindi, ukiwa umebeba udongo mwekundu unaoonekana hata ufuoni mwa mji.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Katika mambo ya mto, aliye chini ndiye anayengoja. Taka za Nairobi huingia Athi. Msitu ukifyekwa Ukambani, tope hushuka Sabaki. Bwawa likifungwa juu, Baricho husikia. Ndiyo sababu Sheria ya Maji ya 2016 iliipa Mamlaka ya Rasilimali za Maji kazi ya kutoa vibali kwa wanaochota kwa wingi, ili mmoja asikauke kwa sababu ya mwenzake. Mpango wowote wa bara ya Kilifi unaoanza kwenye mpaka wa kaunti umechelewa. Maji yalianza safari mbali zaidi.

Pwani yenyewe nayo isijione salama. Maji matamu ya visima vya Watamu na Malindi huelea juu ya maji ya bahari katika mawe ya matumbawe. Ukiyavuta kwa pampu kupita kiasi, chumvi hupanda. Ukizuru magofu ya Gede, mji wa kale ambao Unesco iliuorodhesha kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2024, tazama visima, birika na mifereji yake. Walikuwa watu waliopanga maji yao kwa makini. Hata hivyo mji ulihamwa mnamo karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu ni kushuka kwa maji ya visima.

Jua linapokunywa kama kijiji

Turudi Ganze. Huko, tegemeo la vijiji vingi ni silanga, yaani bwawa dogo lililochimbwa kukusanya maji ya mvua. Watu, ng'ombe na mbuzi wote hutegemea hapo. Je, silanga moja yatosha kijiji?

Tuseme kijiji kina familia 100 zenye watu sita sita. Kila mtu apate lita 20 kwa siku, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani hukitaja kuwa cha chini kabisa kwa mahitaji ya lazima. Hizo ni lita 12,000. Kuna ng'ombe 300, na ng'ombe wakati wa joto hunywa hadi lita 40: lita 12,000 nyingine. Kuna mbuzi 600 wa lita tano tano: lita 3,000. Jumla ni lita 27,000 kwa siku. Kwa kiangazi cha siku 120, kijiji kitahitaji mita za ujazo 3,240.

Sasa tuseme silanga imejaa mita za ujazo 10,000. Yaonekana ni nyingi. Lakini jua nalo ni mwanakijiji. Katika joto letu, kiasi cha milimita tano za maji hupaa hewani kila siku. Ikiwa silanga ina kina cha mita mbili tu, uso wake ni mita mraba 5,000, na kwa siku hizo 120 jua litakunywa karibu mita za ujazo 3,000. Jua peke yake linakunywa karibu sawa na kijiji kizima, mifugo ikiwemo!

Lakini silanga hiyohiyo ikichimbwa kina cha mita nne, uso wake hupungua nusu, na hasara ya jua nayo hupungua nusu. Maji yatakayookolewa ni lita milioni moja na nusu, bila tone moja la mvua kuongezeka. Ndiyo faida ya kufikiri kabla ya kuchukua jembe.

Adui wa pili wa silanga ni tope. Miti inapokatwa kwa ajili ya makaa, hakuna kinachoshika udongo, na mvua huusukuma wote bwawani. Silanga ya mita nne huwa ya mita mbili, kisha huwa uwanja wa mpira. Hapa, msomaji wa mjini, nawe una mkono wako. Gunia la makaa unalonunua barabarani lina bei ambayo muuzaji hakukutajia, na anayeilipa ni mama wa Bamba.

Adui wa tatu ni kwato. Ng'ombe wakiingia majini, hukanyaga kingo na kuchafua maji ya kunywa. Dawa yake ni rahisi: silanga izungushiwe ua, na maji yatolewe kwa bomba hadi kwenye hori la mifugo lililo nje, na mferejini kwa watu.

Akiba chini ya mchanga, akiba juu ya paa

Majirani zetu wa Kitui wana mbinu nyingine inayofaa kuigwa. Tangu miaka ya 1990, wanavijiji wakishirikiana na shirika la Sasol wamejenga mamia ya kuta fupi za zege na mawe kwenye mito ya msimu. Mvua ikija, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo. Mchanga mzuri huweza kushika maji ya kiasi cha robo ya ujazo wake au zaidi. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hawazalii humo, na mchanga huyachuja. Ni Baricho ndogo ya kijiji. Hata hivyo haifai kila mahali: mto sharti uwe na mchanga wa chembe kubwa, na mwamba imara chini yake.

Kisha kuna paa. Chukua nyumba ya mabati yenye mita mraba 50 mahali penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka. Itapokea lita 30,000. Toa sehemu moja kwa tano inayopotea, zinabaki 24,000. Kwa familia ya watu sita wanaotumia lita 20 kila mmoja, hayo ni maji ya siku 200. Kasoro ni tangi: la lita 10,000 hushika maji ya siku 83 pekee, na bei yake si ya mfuko wa kila mtu. Isitoshe, nyumba nyingi za bara zimeezekwa kwa makuti au nyasi, na maji yake hayafai kunywa. Kwa hivyo yafaa kuanza na paa za pamoja: shule, zahanati, kanisa na msikiti. Shule yenye mabati ya mita mraba 500 katika mvua hiyohiyo yaweza kukinga lita 240,000 kwa mwaka. Msichana anayeyakuta maji shuleni hana haja ya kukosa kipindi cha kwanza.

Nani anywe kwanza?

Mpango mzuri hauishii kwenye zege. Tangu kuanza kwa serikali za kaunti mwaka 2013, huduma za maji ni jukumu la kaunti, na wananchi wana haki ya kuhudhuria vikao vya bajeti na kuuliza. Uliza haya manne. Maji yako kiasi gani mwaka wa mvua mbaya, si mwaka wa mvua nzuri? Nani atakunywa kwanza yakipungua: watu, mifugo au mashamba? Nani atalipa fundi pampu ikiharibika? Na je, vijiji ambamo bomba linapita vitapata mfereji?

Swali la tatu ndilo huua miradi mingi. Pampu ya maelfu ya pesa hulala kwa kukosa kipuri cha shilingi mia kadhaa, kwa kuwa hakuna kamati, na kama ipo, haina daftari. Kijiji kinachochanga kidogo kwa kila mtungi na kuweka hesabu hadharani hushinda kijiji kilichopewa mashine ya bure na kuachwa peke yake.

Kuhusu mwaka mbaya, Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa za hali ya ukame za kaunti kavu, Kilifi ikiwa mojawapo. Taarifa hizo zikisomwa mapema, mfugaji huuza ng'ombe wawili wakiwa wanene na kuokoa kumi waliobaki. Zikipuuzwa, lori la maji huja wakati mizoga imekwisha kulala njiani.

Nyumbani kwako leo

Nawe uliye mjini una kazi. Ripoti za bodi inayosimamia huduma za maji nchini, Wasreb, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba kampuni za maji hupoteza kiasi cha asilimia 40 ya maji yao au zaidi, kwa mabomba yanayovuja, wizi na mita mbovu. Ukiona bomba limepasuka mtaani, piga ripoti. Usilizunguke kama jiwe.

Ndani ya nyumba, mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde humwaga karibu mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku. Huo ni mgawo wa mtu mzima wa Ganze. Kirubwa cha kuuziba ni cha bei ndogo. Maji ya kusuuzia nguo yaweza kuoshea sakafu au kumwagia mchicha.

Wanafunzi nao wachukue kopo lenye kuta zilizonyooka, waliweke uwanjani mbali na miti, na kila asubuhi wapime kwa rula kimo cha mvua na kuandika daftarini. Baada ya mwaka mmoja, shule hiyo itajua kuhusu maji yake mengi ambayo wapangaji wa Magarini hawakuyajua.

Haba na haba hujaza kibaba, na akiba haiozi. Lakini kibaba hujazwa na aliyekiweka tayari kabla ya mvua. Vuli ikikaribia, pandisha macho utazame paa lako, kisha uliza: nyumba hii imejiandaa kukinga lita ngapi?